Matusi ya Kibulushi Nyumbani kwa Dastani

Sikudhani alikuwa tayari kuolewa tangu msimu wa korosho uliopita, na kilichomkwamisha hakikuwa mahari, wala dini, wala tabia ya mchumba. Kilichomkwamisha ni maji ya kunywa. Ukimweleza mtu hivyo anacheka, na Sikudhani mwenyewe siku za mwanzo alicheka, mpaka alipoona miezi inakatika na Shadadi hatumi tena mshenga.

Baba yake, Sadallah, alikuwa Mbulushi wa Masasi mwenye lori moja bovu na kiburi kizima kizima. Babu yake Sadallah alitoka Makrani, upande wa pwani wa nchi ya Wabulushi, akaja Unguja kuwa askari wa Sultani, na tangu hapo ukoo ukawa unasogea kusini kidogo kidogo hadi ukafika Masasi. Shadadi naye alikuwa mtoto wa Karimbakshi, Mbulushi wa Newala mwenye duka la nguo, ambaye watu wake walitoka mashariki huko milimani, mahali ambapo bahari wanaisikia kwa jina tu. Wabulushi wawili katika nchi nzima ya Wamakua, Wayao na Wamakonde! Mtu angedhani wangekumbatiana kila wakikutana.

Siku Karimbakshi aliposhuka Masasi kuposa, mambo yalianza vizuri sana. Aliulizia hali ya lori, akasifu nyumba, akakaa mkekani. Kisha akaomba maji, na kwa kuwa siku ilikuwa ya heshima, aliyaomba kwa Kibulushi. Huko milimani kwao maji wanayaita "af". Sadallah akacheka, akamwambia maji ni "ap", na kwamba hiyo "af" ni mtu anayepuliza chai ya moto. Karimbakshi akajibu kwamba Kibulushi cha pwani kinanuka samaki hata kikisemwa na mtu aliyefunga mdomo. Pale pale posa ikageuka ugomvi, mmoja akimkosoa mwenzake jina la hiki na jina la kile, hadi mgeni akasimama, akavaa viatu na kuondoka bila kuaga.

Sikudhani ndiye aliyekuwa ameshika bilauri ya maji. Alibaki nayo mlangoni hadi mama yake akamwambia ayanywe yeye, kwani kuyamwaga ni hasara.

Shadadi hakuwa na kosa lolote. Alikuwa kijana mpole, mrefu, aliyewahi kumpimia Sikudhani kitambaa dukani kwa baba yake na kumzidishia kiasi cha kumzimisha mwenye duka. Kwa mapenzi ya namna hiyo msichana husubiri. Lakini sasa habari zilizoteremka kutoka Newala zilikuwa mbaya: Karimbakshi alikuwa ameanza kumtaja binti fulani wa Tabora, Mbulushi wa milimani mtupu, baba na mama. Shadadi alikuwa akiambiwa afungashe, aende akamwone. Sikudhani alilia siku ile, akalia na kesho yake, halafu akaona kulia hakutoshi.

Barazani kwa Sadallah alizoea kuja jioni Mwalimu Mathai, mfundisha hesabu. Huyu alikuwa Mhindi wa kusini kabisa mwa India, Mkristo, msema Kimalayalam, aliyeletwa Nachingwea na ule mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza. Karanga zilipogoma kuota alivyotaka Mzungu, yeye akabaki, akapata kazi ya ualimu Masasi. Hakuwa na mke wala ndugu. Alikunywa chai ya Sadallah na kulipia kwa mazungumzo.

"Mwalimu, na kwenu lugha imeharibika namna hii?" Sadallah alimuuliza jioni moja.

"Kwetu ni vibaya zaidi," Mathai alijibu kwa fahari, maana mtu anapenda hata ugonjwa wake uwe mkubwa kuliko wa jirani. "Mimi wa kusini, mvua naiita 'mazha'. Mwislamu wa Malabari, kaskazini kidogo tu, anaiita 'maya'. Mimi nikimwita mtu aje nasema 'vaa', yeye anasema 'baa' kama mbuzi."

"Mbali sana toka kwako hadi kwake?"

"Garimoshi linafika kwa siku moja. Ndiyo tofauti yetu na ninyi, Baba Sikudhani. Kibulushi kimetawanyika kwenye jangwa na milima, mtu wa huku na wa kule hawaonani, ndiyo maana kimeachana. Sisi tumebanana kwenye kipande chembamba cha ardhi, lakini Mwislamu ana maneno yake, Mkristo yake, Mhindu yake, na wote wanachota kisima kimoja. Ninyi mmetenganishwa na umbali. Sisi tumetenganishwa na ua wa nyumba."

Sadallah aliridhika kusikia kuna watu wenye hali mbaya kuliko yeye. Sikudhani, aliyekuwa anamimina chai, hakuridhika hata chembe. Alijiuliza kama huyu mwalimu anayejua kupima lugha za watu hawezi kuja kuwapimia wazee wale wawili ugomvi wao uishe. Alimwambia mama yake. Mama yake akamwambia jambo la maana zaidi: kwamba Wabulushi wanaweza kubishana hadi wapate mvi za kope, lakini mwenye binti ni mjomba.

Mama huyo alizaliwa Dominika, Mmakonde wa Newala. Alipoolewa alisilimu akaitwa Zainabu, ila kaka yake Dastani hakuwahi kulitamka jina hilo hata kwa bahati mbaya. Na kwa Wamakonde, mtoto ni wa ukoo wa mama. Dastani alikuwa na mikorosho mingi, ndevu chache na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Alipopata habari kwamba mpwa wake amekaa kama mzigo uliosahauliwa stesheni kwa sababu ya jina la maji, alituma ujumbe wa maneno machache tu kwa baba wote wawili: waje kwake, wamalize, la sivyo atamtafutia binti mume wa Tandahimba anayeongea lugha inayoeleweka.

Basi wakapanda. Lori la Sadallah liliipanda ile milima ya Newala likikohoa, Sadallah kwenye usukani, Mwalimu Mathai pembeni yake, Sikudhani na mama yake nyuma wakikumbatia kikapu cha kuku. Mathai alikubali kuja kuwa mwamuzi, na Karimbakshi hakumkataa, kwa kuwa mwalimu alinunua suruali zake dukani kwake. Sikudhani alijua leo likiharibika, kesho kutwa Shadadi yuko safarini.

Walimkuta Karimbakshi ameshafika na mwanawe, ameleta beberu mmoja wa maana, mweusi, mwenye shingo nene, kwa heshima ya mjomba. Watu walisalimiana. Shikamoo zilitolewa na marahaba zikapokewa. Sikudhani aliingizwa jikoni pamoja na wanawake waliokuwa wakimenya ming'oko, vile viazi vya porini, na jiko lenyewe halikuwa na ukuta upande wa uani, kwa hiyo alikuwa anaona kila kitu huku akijifanya anaangalia sufuria. Shadadi alikaa mwisho wa mkeka, akitazama vidole vyake vya miguu.

Dastani alifungua kikao. "Haya, mashemeji. Semeni, nisikie."

Wakasema. Mungu wangu, wakasema! Sadallah alianza kwa upole, akaeleza kwamba lugha ya Makrani ndiyo ya asili na hii nyingine imechakaa kwa baridi ya milimani. Karimbakshi akasema asili gani ya watu waliojifunza kuongea kwa kuzungumza na papa. Sadallah akasema ni heri papa kuliko ngamia. Karimbakshi akaeleza anavyomsikia yeye Mmakrani akiomba dua, kwamba malaika wanasogea kando wakidhani ni mnada wa dagaa. Mwalimu Mathai aliinua kidole mara kadhaa kutaka kupima, lakini hakuna aliyempa nafasi.

Dastani kwanza alikunja uso. Kisha uso ukakunjuka. Halafu akaanza kucheka, akacheka hadi akajipiga paja.

"Kumbe!" alisema. "Kumbe ninyi ni watani! Kwa nini hamkuniambia siku zote hizi?"

Kwake yeye hakukuwa na maelezo mengine. Mmakonde hutukanana na Myao kutwa nzima: huyu atamcheka mwenzake usemi wake, chakula chake na marehemu wake, na mambo yote yawe heri, kwa kuwa ni watani na utani ni haki. Mtu asiye mtani wako hawezi kukutolea maneno ya namna ile mbele ya wakwe, akiwa na akili timamu. Na hawa wawili hawakuonekana wendawazimu. Basi ni watani.

"Shemeji," Dastani alimwambia Sadallah, amechangamka, "mtani wako kaleta beberu, nawe umekaa tu? Kwetu hapa mtani akiona kitu cha mtani wake anachukua!"

Sadallah alikuwa mgeni kwa mambo mengi ya kwa mkewe, ila hili alilielewa upesi. Aliinuka, akafungua kamba, akamburura yule beberu na kumpandisha kwenye lori lake. Wanawake jikoni walipiga vigelegele. Hata Sikudhani alijikuta anacheka.

Karimbakshi hakucheka. Uso ulimwiva. "Huu ni wizi!" alipiga kelele.

Dastani alishtuka kweli. "Baba Shadadi, unamkasirikia mtani? Hilo ni kosa. Anayekasirikia utani hutozwa. Utaleta mbuzi wa pili."

Karimbakshi alitazama kushoto na kulia, akaona hana wa kumtetea. Akaondoka mkekani taratibu kama anayekwenda kujisaidia, akalizunguka lori, na aliporudi alikuwa ameshika hendeli, kile chuma cha kuwashia injini, ambacho bila hicho lori la Sadallah lilikuwa banda tu la kuku. Akakikalia.

"Nami nimechukua kwa mtani wangu," alisema.

Vigelegele vikarudi, safari hii vikubwa zaidi. Sadallah ndiye aliyepandwa na mori sasa. Alisema hendeli si kitu cha mchezo, kwamba lori ndilo riziki yake, na kwamba mtu wa milimani akigusa chuma lazima akiibe. Alisema na mengine ambayo hayakuwa na utani ndani yake. Kicheko kilikatika jikoni. Sikudhani aliweka kisu chini.

"Na wewe unakasirika?" Dastani aliuliza polepole. "Wewe pia utatozwa mbuzi."

"Sisi si watani!" Sadallah alifoka.

"Hatujawahi kuwa watani!" Karimbakshi alifoka vilevile. Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana tangu siku ya posa. "Sisi wote ni Wabulushi. Kabila moja."

"Lugha moja," Sadallah aliongeza, kisha akashtukia alichokisema.

Dastani hakucheka tena. Alikosea kuhusu utani, naam, na sasa alijua amekosea, lakini hakuona haya. Alivuta kigoda chake karibu nao. "Basi nielezeni jambo moja," alisema, "maana mimi ni mkulima tu na mambo ya ng'ambo siyajui. Kama ni watani, maneno yote niliyoyasikia leo yalikuwa mchezo, kila mmoja analipa mbuzi wake, tunakula, tunacheka, na binti anaolewa. Lakini kama si watani, basi mlikuwa mnatukanana kwa dhati. Na mimi mtoto wa dada yangu simpeleki kwenye nyumba ambayo baba yake anatukanwa kwa dhati. Atakuwa anapika huku anasikia. Semeni wenyewe, ni lipi?"

Kama ni watani, kila mmoja atalazimika kumeza tusi la mwenzake akitabasamu, leo na siku zote. Kama si watani, harusi hakuna. Shadadi alikuwa ameinua uso sasa, anatazama jikoni moja kwa moja bila kujificha.

Hapo ndipo Mwalimu Mathai alipopata nafasi yake, na alipoipata hakupima kitu. "Nachingwea," alisema, "nilikuwa na fundi cherehani mmoja, yule Mwislamu wa Malabari niliyekueleza, Baba Sikudhani. Kila Jumapili tulibishana. Yeye alisema Kimalayalam changu kimejaa kanisa. Mimi nilisema chake kimejaa mchanga wa ufukweni. Nilikuwa nafua shati mapema ili niwahi kwenda kugombana naye. Karanga ziliposhindwa, alipanda meli akarudi kwao." Alikuna goti. "Sasa natukanwa kwa Kiswahili na Kiingereza. Wanafunzi wananitukana vizuri tu, wamejaliwa. Lakini hayanifiki moyoni. Sijasikia hata mtu mmoja akilitaja jina la mvua tangu hapo, si kwa usemi wangu wala kwa wake."

Dastani aligeukia jikoni. "Mwanangu," alimwita Sikudhani, "hebu njoo. Mjomba wako anakuuliza. Sema neno lako."

Haikuwa kawaida msichana kuitwa kwenye kikao cha posa yake. Alikuja na mikono yenye udongo wa ming'oko, akapiga magoti ukingoni mwa mkeka. Alikuwa amejiandalia maneno mengi ya adabu tangu Masasi. Yote yalimpotea, likabaki swali tu.

"Baba," alisema, "akiondoka huyu mzee, ni nani mwingine atakayekutukana ukaelewa?"

Sadallah alimtazama binti yake muda mrefu. Kisha macho yake yakajaa machozi, mbele ya shemeji, mbele ya mkewe, mbele ya mwalimu wa hesabu, na hakuyafuta.

"Hakuna," alisema. "Mama yangu alikuwa akinitukana. Tangu afe, hakuna." Akamgeukia Karimbakshi, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Nimezaa watoto, Baba Shadadi, sikuwafundisha hata mmoja. Nilisema watazungumza na nani huku? Huyu binti anajua Kimakonde, Kiswahili na Kiyao. Cha kwangu hajui. Mimi nikizikwa, kinazikwa pamoja nami."

Karimbakshi alikuwa ametulia juu ya hendeli yake. "Hata Shadadi anajua kidogo tu," alisema. "Ananiitikia kwa Kiswahili."

"Basi mwambie aache." Sadallah alijifuta uso kwa kiganja. "Wakizaliwa wajukuu, semeni nao Kibulushi. Semeni kwa namna yenu ya milimani, kibaya hivyo hivyo. Afadhali nikisikie kimeharibika nyumbani mwangu kuliko nisikisikie kabisa."

"Hakijaharibika," alisema Karimbakshi.

"Kimeharibika sana."

"Utakuja Newala uwafundishe cha kwenu, basi. Wakichanganyikiwa, ni shauri yao."

Wakatazamana. Karimbakshi ndiye aliyeanza, kwa Kibulushi, sentensi ndefu na nzito, akiitoa polepole huku akinyoosha kidole kwenye pua ya Sadallah. Sadallah alisikiliza hadi mwisho akiwa amefumba macho, kama mtu aliyewekewa mbele yake chakula cha utotoni. Kisha akacheka kwa nguvu, akamrudishia nyingine ndefu zaidi, na Karimbakshi akapiga mkeka kwa mkono, akilia kwa kicheko.

"Wanasema nini?" Dastani alimuuliza dada yake.

"Sijui, kaka," Dominika alijibu. "Miaka yote hii, sijui."

"Haidhuru. Ni watani." Dastani alisimama na kujikung'uta. "Mmeniletea beberu mmoja, mnadaiwa wawili. Huyu wa kwanza achinjwe. Mtoto nimemtoa."

Mama yake alipasua kigelegele karibu na sikio lake, lakini Sikudhani hakukisikia vizuri. Alikuwa bado amepiga magoti, udongo mikononi, anawasikiliza wazee wawili wakiendelea kutukanana kwa lugha ambayo ilikuwa yake na ambayo hakuelewa neno. Kwa mara ya kwanza ilimuuma kwamba haelewi. Shadadi alisogea mkekani, taratibu, mpaka akawa karibu naye kiasi cha kunong'ona.

"Mzee wangu anasema baba yako ana kichwa cha nazi kavu," alimwambia.

"Na baba amejibuje?"

"Hilo sijalipata lote."

"Lipate," alisema Sikudhani, "halafu unifundishe."